Jemadari, Mlima na Aliyebeba Mzigo

Ukisimama Ngokolo, ndani ya Manispaa ya Shinyanga, ukageuza shingo pande zote nne, hukutani na mlima. Nchi imelala. Kuna mashamba, kuna migunga, kuna barabara za vumbi, na mbali kidogo kuna mawe makubwa ya granaiti yaliyorundikana kama mizigo iliyotuliwa na msafara uliochoka. Kilimanjaro uko zaidi ya kilomita 400 upande wa mashariki. Wapo wazee huku waliozaliwa, wakaoa na wakapata wajukuu bila kuuona mlima huo kwa macho yao hata siku moja.

Lakini wote wanaujua. Mlima uko ukutani. Ingia ofisi ya kata, ingia shule ya msingi, ingia kituo cha polisi: picha ya Rais, picha ya Baba wa Taifa, na mara nyingi jirani yake nembo ya taifa. Itazame nembo hiyo polepole, jinsi mtu anavyotazama kitu alichokizoea hadi akaacha kukiona. Chini kabisa umechorwa Kilimanjaro. Juu ya mlima wamesimama mwanamume na mwanamke, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu, na katikati yao ipo ngao yenye mwenge, bendera, mkuki, shoka na jembe. Miguuni pa mwanamume umeota mkarafuu. Miguuni pa mwanamke umeota mpamba.

Mpamba huo ni wa huku. Mchoraji aliuchukua kutoka kwenye udongo mweusi wa Usukuma akaupandisha mlimani, mahali ambapo kwa kilimo cha kweli usingeota.

Watu wawili hao hawana majina. Hawana kofia za kijeshi, nishani wala panga viunoni. Hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kwa muda mrefu sana, kwenye picha na sanamu za wakubwa, mlima ulikuwa mali ya jemadari.

Picha mashuhuri kuliko zote za aina hiyo ni ya Mfaransa Jacques-Louis David, anayemwonyesha Napoleon Bonaparte akivuka milima ya Alps kupitia njia ya Great St Bernard. Napoleon alivuka Mei 1800 kwenda kupigana Italia. David alichora matoleo matano ya picha hiyo kati ya 1801 na 1805. Farasi amesimama kwa miguu ya nyuma, joho linapeperuka, mkono wa jemadari unaelekeza juu. Mlima umeinama pamoja naye, kana kwamba hata mwamba umepokea amri. Chini, kwenye mawe, yamechongwa majina matatu: Bonaparte, Hannibal na Karolus Magnus. Hannibal ndiye yule jemadari wa Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, aliyevuka milima hiyohiyo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake.

Ukweli wa safari ile ulikuwa mwingine. Napoleon alivuka juu ya nyumbu, yaani yule mnyama aliyezaliwa na punda na farasi, kwa sababu nyumbu hatelezi ovyo kwenye barafu. Kamba ya nyumbu ilishikwa na mtu wa milimani, mwenyeji aliyeijua njia. Mwaka 1850 mchoraji mwingine wa Kifaransa, Paul Delaroche, alilichora tukio hilo upya: jemadari amechoka, amejikunyata kwa baridi, nyumbu anakwenda taratibu, na mwenyeji yupo mbele akiongoza.

Turudi kwenye picha ya David, kwa sababu kuna jambo pale ambalo mtazamaji wa Shinyanga hapaswi kulipita. Nyuma ya farasi, chini ya tumbo lake, kuna askari wadogo kama sisimizi. Wanasukuma mizinga kuipandisha mlimani. Jeshi zima lililoubeba ushindi ule limechorwa dogo chini ya farasi mmoja. Huo ndio ufundi wa picha za namna hii: mlima unamkuza mmoja na kuwapunguza waliobeba.

Ufundi huo haujafa. Oktoba 2019 Korea Kaskazini ilitoa picha za Kim Jong Un akiwa juu ya farasi mweupe katika theluji ya mlima Paektu, mlima unaohesabiwa mtakatifu katika historia ya Wakorea. Baba yake, Kim Jong Il, anaelezwa na serikali yake kuwa alizaliwa mwaka 1942 kwenye kambi ya siri mlimani hapo. Kumbukumbu za Kisovieti zinaonyesha alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji kimoja karibu na Khabarovsk, upande wa Urusi. Jijini Pyongyang sanamu kubwa za shaba za baba na babu zimesimama mbele ya ukuta wenye picha ya Paektu. Mtu akipiga picha pale, mlima hauwezi kukosekana nyuma ya viongozi.

Je, Afrika Mashariki tulipata jemadari wa namna hiyo? Tuliletewa.

Katika jiji la Dar es Salaam, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye kamanda aliyetumwa mwaka 1889 kuzima vita vya Abushiri bin Salim pwani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1891 Wissmann alipeleka jeshi lake hadi miteremko ya Kilimanjaro kumpiga Mangi Sina wa Kibosho. Mchongaji wa sanamu, Adolf Kürle, alijua pwani haina mlima, kwa hiyo akamjengea wake. Wissmann aliwekwa juu ya nguzo ndefu ya mawe, ameegemea upanga, macho mbali. Chini ya nguzo palikuwa na askari Mwafrika ameinua uso kumtazama bwana wake, huku bendera ya Kijerumani ikimfunika simba aliyekufa.

Mpangilio ni uleule wa Alps: mmoja juu, wengine chini, jiwe katikati. Tofauti ni kwamba safari hii yule wa chini alipewa sura, ila akaagizwa kutazama juu.

Safari za sanamu hiyo zenyewe ni kisa. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliing'oa, wakaichukua kama nyara hadi London. Baadaye ikarudishwa Ujerumani na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Baada ya hapo haikurudishwa tena mbele ya chuo hicho.

Mwaka ule wa 1889 ulikuwa na tukio jingine, na haifai kulitenganisha na vita vya pwani. Tarehe 6 Oktoba, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Sura ya jemadari iliwekwa kileleni kwa njia ya jina: Meyer alikiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, kilele cha Kaisari Wilhelm, mtawala aliyependa kuonekana katika sare za kijeshi kuliko nguo nyingine yoyote. Kisha akashuka na jiwe. Kipande cha jiwe hilo alipewa Kaisari, kikawekwa kwenye ukumbi wa jumba lake la Potsdam uliopambwa kwa mawe na makombe ya bahari. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga hata Marangu alikuwa na kilele cha Kilimanjaro sebuleni.

Chini ya kilele hicho aliishi jemadari wa kweli wa mlima. Mangi Meli wa Moshi aliwashinda Wajerumani katika mapigano ya Juni 1892, na kamanda wao, Albrecht von Bülow, alikufa. Mwaka uliofuata walirudi na nguvu kubwa zaidi na kumshinda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wenzake, na kichwa chake kinaaminika kuwa kilipelekwa Ujerumani. Wazao wake wamekuwa wakikitafuta kwa miaka mingi. Jiwe lilisafiri kwenda Ujerumani, na kichwa, inaaminika, kikasafiri; kwa aliyekuwa akikusanya, vyote viwili vilikuwa kumbukumbu za mlima. Hapa mwandishi hawezi kutulia na kulitaja hilo kama jambo la zamani. Familia iliyo hai haijazika.

Vita ya 1914 ikaleta majemadari wapya chini ya theluji ile. Upande wa Wajerumani alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Upande wa Waingereza, kuanzia mwaka 1916, alikuwa Jan Smuts wa Afrika Kusini, ambaye majeshi yake yaliuteka mji wa Moshi Machi mwaka huo. Wote wawili walichorwa na kuchongwa kwa wingi. Tazama yaliyotokea kwenye picha zao.

Lettow-Vorbeck alikuwa na mchoraji wake jeshini. Walter von Ruckteschell alifika Afrika Mashariki akiwa msanii, vita vikamkuta huku, akawa ofisa. Aliporudi kwao alimchora kamanda wake na kupamba kitabu cha kumbukumbu za vita cha Lettow-Vorbeck kilichotoka mwaka 1920. Kazi yake ya baadaye ndiyo inayopaswa kutazamwa kwa makini zaidi: michongo miwili mikubwa ya udongo wa kuchoma iliyowekwa Hamburg mwaka 1939, kwenye kambi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck. Katika mmoja, ofisa Mjerumani anawaongoza askari Waafrika. Katika wa pili, askari Mwafrika anawaongoza wapagazi wenye mizigo.

Wapagazi hao, kwa Shinyanga, ni ndugu. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi katika kazi ya kubeba tangu enzi za misafara ya pembe na nguo, muda mrefu kabla ya Mjerumani. Kijana wa Unyamwezi aliyekuwa hajafika pwani na kurudi na mzigo alionekana bado hajapevuka. Vita ilipofika, pande zote mbili ziliwahitaji. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, magari yalikwama kwenye matope, na kila risasi, kila gunia la unga, ilibidi lisafiri kichwani kwa mtu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wabebaji wa Waingereza. Ni vigumu kumpata hata mmoja wao aliyechorwa akiwa na Kilimanjaro nyuma yake, ingawa wengi walilala chini ya mlima huo usiku mwingi, bila blanketi.

Smuts ni kisa cha namna nyingine. Alikuwa mpanda milima hasa, akiupanda Mlima Meza wa Cape Town hadi uzeeni. Moja ya njia za mlima huo ina jina lake. Mwaka 1923 alihutubia juu ya mlima huo katika uzinduzi wa kumbukumbu ya wapandaji waliokufa vitani. Wachongaji walifanyaje na mtu wa namna hii? Jijini London, mbele ya Bunge, Jacob Epstein alimchonga mwaka 1956 akiwa ndani ya sare, ameinama mbele kama anayetembea kwa haraka. Cape Town, mwaka 1964, Sydney Harpley alimchonga ameketi, mtulivu, mtu aliyepumzika kidogo kabla ya kuendelea kupanda, na Mlima Meza halisi ukiwa nyuma yake. Umma wa wakati ule ulikasirika. Walitaka jemadari, wakapewa mzee anayewaza. Kelele zikawa kubwa hadi sanamu ya pili, ya Ivan Mitford-Barberton, ikasimamishwa mwaka 1974 katika mtindo walioutarajia. Mlima wenyewe, ule wa mawe, haukutosha kumfanya mkubwa, walimtaka asimame.

Wasukuma na Wanyamwezi hawakuukosa ukuu wa kivita. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipokutana na Mtemi Mirambo wa Urambo alimfananisha na Bonaparte, na sifa hiyo ikasambaa Ulaya. Ulinganisho huo unavutia, lakini unamvika Mirambo vazi lisilo lake. Bonaparte wa Unyamwezi hakuwa na Alps. Nguvu yake ilikuwa njia: njia za misafara kati ya Tabora na Ujiji, nani apite, nani alipe, nani arudi alikotoka. Ruga-ruga, yaani wapiganaji wake, walikuwa watu wa mwendo. Anayetaka kumchora Mirambo kwa haki achore vumbi, barabara na foleni ya mizigo. Akimpandisha juu ya jabali atakuwa amemchora Stanley.

Hata hivyo jabali lina nafasi yake katika nchi hii. Mlima kwa Kisukuma ni lugulu, na vilima vya mawe vilivyotapakaa kuanzia Shinyanga hadi Mwanza vilikuwa kimbilio la watu na mifugo wakati wa uvamizi. Jiwe huku ni mahali pa kujificha na kupona. Wageni walikuja na desturi nyingine: Mwanza, jiwe lililosimama kwa kujipinda kwenye ukingo wa ziwa likapewa jina la Bismarck, kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kuliona, na hadi leo wavuvi na watalii wanaliita hivyo. Na kwa upande wa Geita, Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato na Amiri Jeshi Mkuu kwa cheo chake, aliitwa Jiwe na waliompenda na waliomkosoa vilevile. Alipohitaji kulinganishwa na kitu, watu hawakutafuta kilele chenye theluji. Walichukua kilichopo mlangoni kwao.

Geita yenyewe imefanya na vilima jambo ambalo hakuna mchoraji wa kifalme aliyelifikiria. Dhahabu ilibainishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikachimbwa kwa mgodi mkubwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, kisha mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Miongoni mwa mashimo ya mgodi huo lipo linaloitwa Geita Hill, yaani kilima cha Geita. Jina ni la kilima, mahali penyewe ni shimo. Wachimbaji wadogo wa ukanda huu, wanaoshuka kwa kamba kwenye mashimo yaitwayo maduara, hawana sababu ya kuuona mlima kama kiti cha mtu mkubwa. Mlima kwao ni mwamba, mwamba ni mawe, na mawe hubebwa mgongoni kwa viroba hadi kwenye kinu.

Sasa tufike Desemba 1961.

Miaka miwili kabla yake, Oktoba 1959, Julius Nyerere alisimama katika Ukumbi wa Karimjee na kueleza shauku ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uangaze hadi nje ya mipaka, upeleke tumaini na heshima kwa walionyimwa. Ilikuwa lugha ya picha. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ikawa kazi ya miguu. Luteni Alexander Nyirenda, mmoja wa maofisa wa kwanza Waafrika wa jeshi la Tanganyika na mhitimu wa chuo cha kijeshi cha Sandhurst, alifika kileleni akiwa na mwenge na bendera mpya. Kilele kilichopewa jina la Kaisari kikaja kuitwa Uhuru.

Picha ya Nyirenda mlimani ndiyo picha yetu ya mwanajeshi na mlima. Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania ameiona au ameelezwa habari zake. Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Posta ilitoa stempu ya senti 50 yenye bendera ikipandishwa Kilimanjaro, na stempu hiyo ikabandikwa kwenye barua za watu wa kawaida, zikiwemo zile zilizotoka Shinyanga kwenda kwa vijana waliokuwa vibaruani mkonge Tanga.

Iweke kando ya picha ya David. Napoleon ananyoosha kidole kutoa amri. Nyirenda ana kitu mikononi alichotumwa kukifikisha. Napoleon ana farasi anayeruka. Nyirenda ana miguu yake na pumzi iliyokatika, kwa sababu mita 5,895 hazina farasi. Jina la Bonaparte limechongwa kwenye mwamba; kilele cha Kilimanjaro hakikupewa jina la Nyirenda wala la Nyerere. Na cheo: alikuwa luteni, ofisa wa ngazi za chini, kijana wa miaka 25 hivi. Waziri Mkuu, Nyerere, alikuwa chini, Dar es Salaam, akiangalia bendera nyingine ikipanda uwanjani. Nchi ilimtuma mdogo kwenda juu na kumbakiza mkubwa bondeni. Kati ya picha zote za wanajeshi na milima zilizotajwa hapa, hakuna nyingine iliyothubutu mpangilio huo.

Ofisa mwenzake wa kizazi kile, Mrisho Sarakikya, alikwenda mbali zaidi, tena mara nyingi zaidi. Maasi ya askari ya Januari 1964 yalisababisha jeshi la zamani livunjwe, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa Septemba mwaka huo. Sarakikya, Mmeru aliyekuwa na umri wa miaka 30 hivi, akawa Mkuu wa Majeshi wa kwanza hadi 1974. Watu wa Arusha na Moshi wanamkumbuka jenerali huyo kwa jambo jingine: aliupanda Kilimanjaro mara nyingi mno, hata baada ya kustaafu, akiwa na vijana ambao wangeweza kuwa wajukuu zake. Huyu ni jenerali ambaye picha yake na mlima haikuhitaji mchoraji mwerevu. Alikuwa amepanda kweli.

Kenya ilifuata mfano kwa mkono wa raia. Desemba 1963 Kisoi Munyao, mpanda milima, alipandisha bendera ya nchi yake Mlima Kenya. Majemadari wa milima ya nchi hiyo walikuwa tayari wamepigwa picha, lakini na maadui zao. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa askari wa Mwingereza Burma kabla ya kuwaongoza wapiganaji wa Mau Mau katika msitu wa Mlima Kenya. Alikamatwa Januari 1954. Dedan Kimathi alikamatwa kwenye ukingo wa msitu wa Nyandarua Oktoba 1956, akapigwa picha akiwa amelazwa, mikono imefungwa pingu, kisha akanyongwa Februari 1957. Picha ile ilikusudiwa kumwonyesha ameshushwa kutoka mlimani. Wakenya waliichukua wakaichapa kwenye mabango na fulana, na mwaka 2007 Kimathi akasimamishwa kwa shaba katikati ya Nairobi, bunduki mkononi.

Nairobi ina sanamu nyingine, ya zamani zaidi, ambayo msomaji wa Ngokolo akifika huko aitafute. Ni ya James Alexander Stevenson, yuleyule aliyechonga sanamu ya askari ya Dar es Salaam ya mwaka 1927. Ile ya Dar es Salaam ina mtu mmoja, bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini. Ya Nairobi ina watatu waliosimama sambamba, na mmoja wao ni mpagazi. Hatazami juu kwa mtu yeyote.

Je, mwenge wa 1961 nao haukuwa na wapagazi? Kilimanjaro haupandwi na mtu peke yake. Tangu siku za Meyer hadi watalii wa leo, maji, mahema na chakula vimebebwa na watu wa miteremkoni, wale wanaoitwa wagumu kwa lugha ya mlimani. Shuleni tulikariri jina moja la usiku ule, na jina hilo linastahili heshima yote. Nyirenda alifariki mwaka 2008 akiwa ameiachia nchi picha yake bora kuliko zote. Lakini anayetoka katika nchi ya wapagazi ana haki ya kuitazama picha hiyo na kuuliza ni akina nani walioshika kamba, walioonja barafu kwanza, waliomsubiri chini na chai.

Mwenge nao haukubaki kileleni. Kila mwaka unakimbizwa nchi nzima, na ukifika Shinyanga hupita mikononi mwa watu wengi: mkuu wa wilaya, mwalimu, kijana wa skauti, mama wa kikundi cha ujasiriamali aliyepangwa mstarini tangu alfajiri. Kila mmoja anaushika kwa sekunde chache na simu hutolewa haraka, kwa sababu hiyo ndiyo picha yake. Nyuma yake hakuna mlima. Kuna turubai, kuna viti vya plastiki, kuna watoto wamepanda juu ya mwembe.

Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, mizani hutolewa nje kwenye vituo vya ushirika vijijini kuizunguka Shinyanga. Wanawake huja na pamba kichwani, kwenye mashuka makubwa yaliyofungwa kwa mafundo manne, mizigo mipana kuliko milango. Karani huandika kilo kwenye kitabu cha stakabadhi. Ukutani kwa ofisi ya kijiji, karatasi imeanza kugeuka njano, mwanamke wa kwenye nembo amesimama juu ya Kilimanjaro, na miguuni pake mpamba umepasuka.